Mtu wa Kukaa

Kliniki, 6 Januari

Wifi yangu,

Nimefika salama, mwambie kaka aache kunitafuta kwa ajili ya pasi. Nimeiacha kabatini, sikuondoka nayo. Asante kwa kunilea likizo nzima kana kwamba ni mimi mgonjwa.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu mama husimama pembeni yako na kukupokonya kabla hatujamaliza salamu. Hili ni letu wawili. Mama amezidi, wifi. Siku ile tulipopanda ngazi za posta alisimama katikati akajifanya anaangalia watu, kumbe anatafuta pumzi. Presha yake unaijua, magoti yake unayajua.

Nilimpima kwa mizani niliyowaachia: kilo sabini na nane. Urefu nilimsimamisha ukutani bila kilemba, mita moja na sentimita hamsini na nane. Ukizidisha urefu huo kwa wenyewe, kisha ukagawanya kilo kwa jibu utakalopata, inakuja thelathini na moja na ushee. Hapa kazini mtu akifika ishirini na tano tunakunja uso kidogo, akifika thelathini tunavuta kiti tuongee naye. Kiuno chake ni sentimita mia moja na mbili, na mwanamke tunaomba kisizidi themanini na nane.

Sasa chakula. Mwili wa mama, akilala tu bila kuinua kidole, unatumia kama kalori elfu moja na mia tatu kwa siku, moyo udunde na damu izunguke. Juu ya hapo tunaongeza shughuli. Hesabu inauliza: ni mtu wa kukaa, mtu wa kazi nyepesi, au mtu wa kazi ya nguvu? Nikaandika mtu wa kukaa, wala sikumsumbua kumuuliza. Tangu alipostaafu pale kwenye tanuri la mikate na mimi nikamnunulia kile kiti cha kupumzikia, kazi yake ni kukaa, na ndivyo nilivyotaka iwe. Basi mahitaji yake ni kama elfu moja mia tano na sitini. Tukimpa elfu moja na mia mbili atapungua polepole, kilo moja na kitu kwa mwezi, bila kuumia.

Jedwali la vyakula nimeliweka humu. Pima kwa kile kikombe cheupe chenye mistari. Mafuta ni kwa kijiko cha chai, siyo kumimina huku unapiga soga. Mkate asiguse kabisa. Miaka yote ile ya tanurini ndiyo iliyomfikisha hapa.

Wifi yako

*

Nyumbani, 20 Januari

Bi Mizani,

Hilo ndilo jina lako jipya hapa nyumbani, na aliyekubandika ni mama mwenyewe. Kila akishuka kwenye mizani anasema, "Mwandikie Bi Mizani kwamba nimetii."

Jedwali nimelibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Wali nusu kikombe, maharage nusu kikombe, yai la kuchemsha, mboga kadiri anavyotaka. Nimepunguza mafuta na nimepunguza chumvi, isipokuwa kwenye maneno. Huko bado natia kama kawaida. Kaka yako alipoonja mboga siku ya kwanza aliniuliza kama tumegombana. Nikamwambia agombane na dada yake.

Mama hasumbui. Mimi nilidhani atanipiga chenga, kwamba nitakuta ganda la yai la pili limefichwa chini ya majani ya chai. Wala. Ukimwekea kijiko kimoja zaidi anakirudisha sufuriani mwenyewe, uso mkavu. Kilo mbili zimeshatoka.

Nina swali moja, nauliza tu kwa kutaka kujua. Huyo mtu wa kukaa, ikitokea si wa kukaa moja kwa moja, tuseme anaamka mapema, anasimama sana, ananyanyua vitu, hesabu inabadilika pakubwa? Au ni vilevile?

Mama amekuja, anasoma begani mwangu. Anasema niache kukuchosha na maswali, wewe ni mtu wa kazi. Anasema anakusalimia kutoka kitini.

Wifi yako wa jikoni

*

Kliniki, 1 Februari

Wifi yangu wa jikoni,

Jina nimelipokea. Hata wenzangu hapa wameshalidaka.

Kuhusu swali lako: laiti ungekaa kwenye dawati langu siku moja. Kila anayepanda mizani hapa ni mchapakazi. Bwana mmoja aliniapia kwamba yeye hutembea kutwa nzima, nilipombana ikawa ni kutoka kitandani hadi kwenye runinga na kurudi. Kufagia ua na kubeba kapu la sokoni hakumtoi mtu kwenye kundi la kukaa. Ukimwongezea mama shughuli asizozifanya, ni kama kumwongezea sahani ya pili kwa mlango wa nyuma.

Usimtafutie upenyo. Najua una moyo laini na mkono mwepesi kwenye chupa ya mafuta. Kaka yangu ulimkuta mwembamba kama fimbo ya pazia, mtazame leo. Huyo ni mumeo, mnenepeshe upendavyo. Mama ni wangu.

Endelea kumpima kila Jumamosi asubuhi kabla hajala, na nguo zilezile.

Bi Mizani

*

Nyumbani, 22 Februari

Kwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Barua hii naandika kwa mkono wangu ili ujue bado naona. Samahani kwa alama nyeupe hapo pembeni. Ni unga tu, meza hii ndiyo ya jikoni.

Mwanangu, mtu niliyekula chumvi nyingi namna hii leo nahesabiwa chembe za chumvi na mtoto niliyemchambisha. Lakini sikulalamikii. Ninapovaa gauni la kijivu sishikilii tena pumzi. Magoti yametulia. Kila jambo lililo kwenye karatasi yako nalifuata lilivyo, muulize mke wa kaka yako. Mkate sijagusa. Sijagusa hata ganda, hata ukiwa wa moto na unanukia umbali wa pua. Na sitagusa, maana kuna mambo mtu anaweza kumkosea mwanawe na mambo mengine hawezi.

Kiti chako ni kizuri sana. Kila mgeni namwonyesha. Kitambaa chake kinang'aa kama siku ulipokileta, hakina hata mkunjo.

Usiwe unawaza sana juu yangu. Wewe kula vizuri. Wanaopima wenzao nao watu.

Mama yako aliyekuzaa, kilo zisitutenganishe

*

Nyumbani, 25 Machi

Wifi,

Nimekawia kujibu. Lile neno lako, kwamba mama ni wako, lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mimi ndiye ninayemkanda miguu, ndiye ninayejua anapenda chai yake ipoe kiasi gani. Nilitaka nikuandikie maneno makali, nikaona heri nisiandike kabisa.

Kilo sitini na nane. Kiuno tisini na moja. Amepungua, kama ulivyotaka.

Amepungua na mazungumzo pia. Hakai tena mlangoni akiwasema wapita njia mpaka mimi nakufa kwa kucheka. Juzi nilimkuta amesinzia anavua viatu, kimoja mkononi, kingine mguuni. Nikimwongezea chakula anakitoa, ananiambia niheshimu karatasi. Nilimwekea kijiko cha siagi kwenye wali nikakichanganya asikione. Alikitambua kwa harufu, akasukuma sahani.

Nakuomba uje. Usinitumie jedwali jingine, njoo wewe mwenyewe umtazame asubuhi, siyo jioni akiwa amejipamba kwa ajili ya mgeni. Kuna mambo si yangu kuyaandika. Nilishaapishwa, na kaka yako naye anasema nisijitie kati ya mama na binti yake. Na wewe ulishaniambia mama ni wa nani.

Wifi yako

*

Kliniki, 3 Aprili

Wifi yangu,

Kilo kumi. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Hesabu yangu ilisema kwa muda huu apungue kama nne, yeye amenipa kumi. Mama yangu akiamua jambo ameamua.

Nisamehe kwa lile neno. Ulikuwa utani uliokosa mahali pa kutua. Kazi yote hii ni ya mkono wako na ninakushukuru kwa dhati.

Nimemweka kwenye ubao wa kliniki, bila kumtaja: "Mama wa miaka sitini na moja, kilo kumi, bila dawa, nyumbani kwake." Daktari mkuu alisimama hapo na wageni wake akawaambia hivi ndivyo familia inavyopaswa kufanya. Nilijipiga kifua kidogo, sikufichi. Wanawake wananiuliza siri yake, nawaambia siri yake ni kuwa na mkwe mzuri.

Kusinzia kusikutishe. Mwili ukizoea kupokea kidogo huanza kubana matumizi, utazoea. Anakununia kwa sababu ya chakula, wote hununa. Kuhusu kiapo chenu, nadhani amekuapisha usinionyeshe anavyoiba sukari, na mimi nitajitia hamnazo.

Kuja kwa sasa siwezi, tuna juma zima la upimaji na mimi ndiye msimamizi. Nimemtumia gauni la bluu, dogo kuliko lile la kijivu. Mpige picha akilivaa.

Bi Mizani

*

Kliniki, 9 Mei

Wifi yangu,

Hii ni barua ya nne kuianza tangu nirudi. Zile nyingine zilikuwa za kujitetea, nimezichana.

Kaka aliponipigia akasema mama ameanguka na nyonga imevunjika, nilimuuliza ameangukia wapi, akasema "kazini", nikadhani ameuma maneno kwa kuchanganyikiwa. Sikumuuliza mara ya pili. Nilifika wodini na kichwa changu kimejaa hasira ambayo bado haijapata wa kumwangukia. Daktari akaniambia mifupa na misuli ya mama inaonyesha mtu aliyekaa na njaa muda mrefu. Akaniuliza nyumbani anaishi na nani. Nikatoka kwenda ukumbini, nikakukuta na beseni la nguo zake, nikakuambia mbele ya manesi wote kwamba umemlaza mama yangu na njaa. Nilisema na mengine. Wewe uliweka beseni chini, ukaliokota, ukaenda kufua.

Halafu akaja yule mwanamke wa aproni nyeupe, unga bado umemganda viwikoni, akauliza, "Mama Donge yupo kitanda cha ngapi?" Nikamwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo. Akanitazama, akasema, "Wewe ndiye mwanawe anayepima watu." Ndipo akanieleza, kwa upole, akidhani najua. Kwamba mama alirudi tanurini zamani sana, hata kabla ya ile likizo niliyokuja kwenu, na wiki zile mbili aliomba ruhusa ili nimkute nyumbani. Kwamba yeye ndiye anayekanda unga wa mafungu ya kwanza, kwa mikono, na mikate ikiiva anasaidia kubeba sinia. Kwamba siku hizi alikuwa anashika ukingo wa meza kabla ya kunyanyua. Huyo mwenzake alimkatia mkate wa moto mara nyingi, na mama alikuwa akijibu maneno yaleyale: "Nimemdanganya mwanangu kwenye kazi, siwezi kumdanganya na kwenye mkate."

Wifi, aliogopa nitamkataza kazi. Akanipa chakula chake chote ili nisiiguse hiyo kazi.

Nilirudia hesabu nikiwa kwenye benchi la hospitali. Urefu uleule, umri uleule. Nilibadilisha neno moja tu, nikaandika mtu wa kazi ya nguvu. Ikaja zaidi ya elfu mbili na mia mbili. Nilikuwa namnyima kalori elfu moja kila siku ya Mungu, na yeye ananishukuru. Kilo kumi mahali pa nne ilikuwa kelele ya hatari, na mimi niliipigia makofi. Angekuwa mteja wangu amepungua hivyo, jambo la kwanza ningemuuliza unashinda unafanya nini. Huwa nawauliza wote. Mama sikumuuliza, nilimjibia.

Niliondoka bila kukuaga. Niliona aibu ya macho yako, huo ndio ukweli, na safari nzima nimejuta. Ubao nimeufuta. Daktari mkuu aliniuliza kulikoni, nikamwambia hesabu ilikuwa na kosa.

Nilitaka kukuuliza kwa nini hukuniambia. Kisha nikatoa barua zako kwenye droo, nikakuta uliniuliza Januari. Basi usijibu.

Nisamehe. Siyo kwa ajili ya mama, hayo ni yangu na yake. Nisamehe kwa ajili ya ukumbini.

Mimi

*

Nyumbani, 28 Mei

Wifi,

Umesema nisijibu, lakini mimi hunijui kwa kunyamaza ila pale nilipokosea.

Msamaha wako nimeupokea. Kuumeza bado, nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Wale manesi nilikutana nao kila siku mpaka tukatoka, na kila nilipoingia na chakula walikuwa wanafunua bakuli kwanza. Polepole utashuka.

Unataka kujua kwa nini alirudi tanurini, hilo hukuliuliza ila naliona katikati ya mistari. Siyo shida ya pesa. Mimi nikienda dukani kwangu na kaka yako akienda kazini, nyumba hii inabaki kimya kutwa. Aliniambia kwenye kile kiti anajiona kama amekuja kutembelea nyumba ya watu, anasubiri aletewe chai aage. Kule tanurini ana mahali pake mezani, ana jina, akichelewa anaulizwa. Aliniapisha nisikuambie, kwa sababu ulikuwa na furaha sana siku ulipoleta kiti. Hakutaka kukuvunja.

Sasa yangu. Kiapo ni kiapo, lakini ningeweza kukivunja. Nilipoona anashika ukuta ili avae kiatu, nilikuwa na kalamu mkononi. Mstari mmoja ungetosha. Nikakumbuka ulivyoniandikia mama ni wako, nikasema moyoni, haya, mtunze basi. Nikakuandikia njoo, mama amepungua, nikajua kabisa wewe utalisoma hilo neno kwa furaha. Nilijua, wifi. Ulichonisingizia ukumbini hakikuwa kweli, lakini sikuwa na nguvu ya kukibisha kwa sababu ya hilo. Hasira yangu ilikula kwenye sahani ya mama.

Ametoka hospitali tangu wiki iliyopita. Daktari anasema mfupa unaunga, ila kusimama peke yake asitegemee tena. Wenzake walikuja wote, wamejaa sebuleni na aproni zao. Akawaambia, "Siku ile niliangusha sinia nzima ya unga uliokandwa, sasa naelewa kwa nini watu husema mtu akifukuzwa kazi amemwaga unga." Wakacheka mpaka wakalia, kisha baadhi yao wakalia tu.

Waliacha mkate, mkubwa, wa kwake peke yake. Nikamkatia kipande. Akaniuliza, "Bi Mizani ameruhusu?" Nikamwambia ameruhusu. Akasema nionyeshe ilipoandikwa. Ule mkate tuliula sisi, naye akitutazama na kutusifia tunavyotafuna.

Kwa hiyo nahitaji jedwali jipya, na nalihitaji mapema. Kumpima tulimpima hivi: kaka yako alimbeba akapanda naye mizani, kisha akapanda peke yake, tukatoa. Kilo sitini na mbili. Mama alisema mwanawe ndiye aliyezidi, aandikiwe karatasi yeye. Fanya hesabu itakayomrudishia nyama, na humo uweke mkate, kwa mwandiko wako mkubwa, maana wangu hauamini.

Lile gauni la bluu linamwenea. Analivaa akikaa kwenye kiti chako, karibu na dirisha, kuanzia tunapoondoka mpaka tunaporudi. Kitambaa kimeanza kubonyea katikati. Hesabu ikikuuliza shughuli, andika kama ulivyoandika mwanzo.

Wifi yako